Bareti Iliyopigwa Tupa

Mume wangu Adalbert anaamini kwamba hakuna kitu duniani kinachokataa kuingia mahali pake. Kuna tu kitu ambacho bado hakijapigwa tupa. Alikuwa fundi wa vyuma katika kampuni ya shaba, na kampuni ilipoanguka, tupa yake ndiyo iliyotulisha hapa mtaani kwetu Katuba. Mbabula, lile jiko la makaa ninalopikia ugali wetu wa bukari, bawaba za mlango, hata kitasa cha sanduku langu, vyote vimepita mkononi mwake. Kwa hiyo siidharau tupa ile. Lakini kuna siku nilitamani kuitumbukiza chooni.

Mwanzoni mwa 2025, vita vilipoingia Goma, Dorcelle alifika kwetu na begi moja mgongoni baada ya kuzunguka nchi tatu. Baba yake, Muhindo, mfanyabiashara wa jumla kutoka Butembo, aliniletea maharagwe sokoni miaka mingi, nami sikuhitaji kuombwa mara mbili nimpokee binti yake. Ndani ya begi mlikuwa na nguo chache na kompyuta kuukuu ya kupakata, yenye kazi yake yote ya kumalizia chuo kikuu. Chuo chenyewe kilikuwa kimefungwa na walimu wametawanyika, mmoja Kampala, mmoja Kinshasa, mwingine sijui wapi. Wakakubaliana kumsikiliza kwa video, Jumamosi saa nne asubuhi. Asipotetea kazi yake siku hiyo, hakuna aliyejua wangekusanyika tena lini.

Tatizo lilikuwa kompyuta. Jumatano walijaribu, na sura ya mwalimu ikakwama mdomo wazi, kama mtu aliyeona nyoka bafuni. Kumbukumbu ilikuwa gigabaiti nne tu, haikuweza kubeba video na kazi ya Dorcelle kwa pamoja. Ilitakiwa iongezewe bareti, yaani kile kibao chembamba cha kumbukumbu kinachochomekwa tumboni mwa mashine.

"Papa, muache tu," Dorcelle akamwambia Adalbert. "Nitangoja. Pengine Goma itatulia, nitafanya mwaka kesho."

Adalbert akabadilika sura, nami nilijua kwa nini. Mwaka 1991 alikuwa afanye mtihani wa kuwa msimamizi. Nilikuwa nimempigia pasi ovaroli mpya ya buluu. Wiki hiyohiyo uporaji ukaanza mjini, ofisi zikafungwa, akaambiwa arudi baadaye. Alirudi. Alirudi tena na tena, mpaka kampuni yenyewe ikabaki magofu. Ovaroli ile iko sandukuni na mikunjo yake ya pasi, na ukiigusa anakukaripia.

"Weye usingoje," akamwambia Dorcelle. "Miye nilingoja mpaka mvi ikatoka."

Alhamisi akauza mbabula mbili, akaenda mjini peke yake, bila kompyuta, bila kuandika kitu chochote isipokuwa namba nane. Fundi mzima! Akarudi na bareti ya gigabaiti nane, anapiga mluzi. Akafungua skrubu za chini, akaona nafasi moja tupu kando ya bareti ya zamani, akachomeka. Ikagoma. Mtu mwingine angeirudisha dukani. Adalbert yeye akaleta kipimo chake cha milimita.

"Imezidi milimita mbili," akatangaza kwa furaha. "Na pengo yake ya huku ukingoni haiko pa fasi yake."

Nikamuuliza kama anajua anachofanya. Akanitazama utadhani nimemuuliza kama anajua kula. Akaibana bareti kwenye jiliwa, akapiga tupa huku, akapiga kule, akapanua pengo, akapuliza vumbi. Nisimnyime haki yake, kingo zilinyooka vizuri sana. Ikaingia. Akabonyeza kitufe, taa ikawaka, kioo kikabaki cheusi. Akabonyeza tena. Cheusi vilevile.

Dorcelle hakulia. Alikaa sakafuni, amekumbatia magoti. Kazi ya miaka mitano ilikuwa mle ndani, na nakala nyingine ilibaki Goma. Mimi niliogopa, na kwa woga nikamwambia Adalbert maneno ambayo siyarudii hapa. Tupa ilikuwa mezani mbele yake, na hakuitazama hata mara moja.

Ijumaa asubuhi tukaenda wote watatu soko la Kenya, mtaa mwingine wa hapa mjini, kwa Kiki, mwanamke mwenye meza ya kutengeneza kompyuta na ulimi usio na breki. Akaichomoa bareti mpya, akaigeuzageuza.

"Papa, ni nani alikata hii?"

"Ni miye."

"Na lime, tupa yako?"

"Na lime."

Kiki akacheka mpaka akashikilia meza. Kisha akaacha bareti ya zamani peke yake, akabonyeza kitufe, na picha ikatokea. Dorcelle akanifinya mkono mpaka ukauma. Nami nikamshukuru Mungu kwa sauti, pale pale sokoni.

"Mashini haiyakufa," Kiki akasema. "Hii bareti iko ya aina ya DDR4, mashini iko ya DDR3. Bale benye kuitengeneza baliweka pengo fasi ingine kusudi bantu basikosee, weye ukaipiga lime! Papa, kule ku kazi, ukitafuta roulement, beringi ya pompe, ulikuwa unaangaria nini kwanza?"

Adalbert akainamisha kichwa. "Numéro, namba yake."

"Sasa hapa?"

Miaka yake yote kazini alikuwa akiwafokea wanagenzi kwa kosa hilohilo.

Akavaa miwani, akaomba bareti ya zamani, akasoma karatasi iliyobandikwa juu yake herufi kwa herufi: PC3L-12800S. Akaiandika kiganjani. Kiki akamsogezea kopo la bareti zilizotumika, na Adalbert akachambua karibu saa nzima, kama mimi ninavyochambua maharagwe. Akapata moja ya gigabaiti nane: PC3-12800S. Dorcelle akaruka kwa furaha.

"Hapana," Adalbert akasema. "Haina L."

Kiki akainua macho. "Njo hivyo, Papa! L inaonyesha inakula courant ya umeme kidogo. Bila ile L, mashini hii inaweza kuikatala."

Iliyofaa ilikuwa chini kabisa ya kopo. Hakuilazimisha, iliingia yenyewe, ikalala, ikabanwa. Kompyuta ikahesabu gigabaiti kumi na mbili.

Jumamosi Adalbert alitoka chumbani amevaa ovaroli ya buluu. Vifungo vya tumboni havikufunga. Nilijizuia nisicheke, nikashindwa. Akaweka kiti nje ya mlango wa Dorcelle, akanyamazisha redio ya jirani, kuku, na mimi. Sauti ya Dorcelle ilikuja bila kukwama, na za walimu zikamjibu. Baada ya saa moja mlango ukafunguka.

"Distinction! Nimepita muzuri sana!" Dorcelle akapiga kelele, nami nikapiga vigelegele mpaka koo likakauka.

Adalbert hakuinuka. "Balishamaliza?"

"Balishamaliza, Papa."

"Habakusema urudie siku ingine?"

"Hapana, Papa. Ilishaisha."

Akaitikia kwa kichwa, akaingia chumbani. Alipotoka alikuwa na shati la kawaida, na ovaroli imekunjwa mikononi. Akanipa.

"Mama Annie, kata hii, ufanye matambara. Kitambaa yake iko muzuri."