Kiondo cha Mama Mkwe na Gia ya Pili

Gari langu ni la spoti, milango miwili, rangi ya bluu, na liko chini kiasi kwamba mbuzi wa mji wetu wa Wote hulitazama ana kwa ana. Nililinunua kwa mtu aliyekuwa amelichoka, na sikumuuliza kwa nini. Nina duka la dawa za mifugo, na watu wengi hapa mjini wana maoni kuhusu muuza dawa ya kupe kuendesha gari kama lile. Wanayatoa kwa sauti nikiwa nimesimama pale pale. Nimezoea, ingawa si kweli kwamba hayaniudhi.

Lilikuja likiwa otomatiki. Unaweka D, unakanyaga mafuta, na mengine linajiamulia lenyewe. Mwanzoni lilijiamulia vizuri. Halafu likaanza kusita milimani: injini inanguruma, mshale unapanda, na gari lenyewe haliendi popote, kama mtu anayeitikia "nakuja" akiwa bado kitandani. Na kaunti yetu ya Makueni haina uhaba wa milima.

Mke wangu alivumilia mengi kuhusu gari hilo, ila kwa jambo moja hakutaka mjadala. Kila mwezi mama yake hutoka Kasikeu kuja kliniki ya presha Wote, na sisi ndio humleta.

"Gari haiwezi kubeba mama si gari ya hii boma," aliniambia.

Kulikuwa na bwana mmoja wa ofisi za kaunti aliyelimezea mate gari langu tangu siku alipoliona. Mke wangu alikuwa na namba yake. Niliona ameihifadhi kwenye simu kwa jina la Mnunuzi.

Mama mkwe wangu ni mtu wa desturi. Sisi Wakamba tuna kitu kinaitwa nthoni, ile heshima ya kukaa mbali kati ya mtu na mama mkwe wake. Siku hizi wengi wameilegeza, wanapeana mikono, hata wanataniana. Yeye hajalegeza hata uzi. Tangu nimwoe binti yake hakuwahi kunisemesha moja kwa moja. Nikiwa nimeketi mbele yake, akitaka kujua kama nimekula, humgeukia mke wangu na kusema, "Muulize baba watoto kama amekula." Nami namjibu mke wangu. Sisemi haya kwa kulalamika. Nampenda yule mama, na najua ananipenda, kwa sababu jogoo mnono wa boma lile huwa ni wangu. Lakini kuna siku nimetamani aniambie japo neno moja, hata la kunigombeza.

Sasa, gari lenyewe lina viti viwili mbele, na huko nyuma kuna kitu ambacho waliolitengeneza walikiita viti pia. Mke wangu anatosha pale akijikunja. Magoti ya mama hayakunjiki hivyo, kwa hiyo ilibidi akae mbele, kando yangu. Tulilitatua hivi: mama anaegemea mlango, uso dirishani, na kiondo chake kikubwa kinawekwa katikati yetu, juu ya gia, kama ukuta. Nikishaweka D sikuwa na haja ya kuigusa tena mpaka Wote. Kiondo kilikaa, heshima ikakaa, sote tukafika salama.

Otomatiki ilipokata tamaa kabisa, nililivuta gari hadi kwa fundi mmoja mjini Kitui, Mwislamu ambaye babu yake alitoka pwani, na ambaye Kiswahili chake kimenyooka hata akiwa chini ya gari.

"Ndugu yangu, hii imekwisha," alisema. "Nikikutilia nyingine ya mtumba itakusumbua vilevile. Tulitie gia za mkono, upumzike."

Nilifurahi kuliko inavyomfaa mtu mzima. Kuwa na gari la spoti lisilo na klachi kulikuwa kumenitia aibu ya chini kwa chini muda wote ule.

Alipata giaboksi kwenye gari la aina ile ile lililogongwa, pamoja na klachi, flaiwili na pedali zake. Ile ya zamani ilishuka nzito kama ndama. Pedali pana ya breki ikatoka, mbili nyembamba zikaingia. Propela, ile shafti inayozungusha magurudumu ya nyuma, ikawa ndefu kuliko nafasi, ikakatwa na kuchomelewa upya. Mwishowe kila kitu kilikuwa mahali pake na gari likakataa kuwaka, kwa sababu kompyuta yake bado ilisubiri kuambiwa gia iko P, ya kuegesha, na hakukuwa na P tena. Fundi akaunganisha nyaya mbili akalidanganya. Likawaka.

Mguu wangu wa kushoto ulikuwa umestaafu kitambo. Nilizimisha injini mara mbili mbele ya wauza maembe, wakanipigia makofi. Lakini nilipotoka mjini na kupandisha gia moja baada ya nyingine, kila moja ikiingia pale nilipoiweka mimi, niliimba peke yangu mpaka sauti ikaisha.

Nyumbani mke wangu alilizunguka gari, akafungua mlango wa abiria, akaitazama ile gia mpya kwa muda.

"Na kiondo itakaa wapi?" akauliza.

Wiki zote zile nilikuwa nimefikiria klachi na propela, sikufikiria kiondo. Tena jambo lilikuwa baya zaidi ya hapo. Gia ya kwanza na ya pili ziko kushoto kabisa, upande wa abiria, na milima ya kwetu inataka hizo hizo. Kila mlima mkono wangu ungekwenda mpaka karibu na goti la mama mkwe. Kumgusa, hata kwa bahati mbaya, kwa watu wa rika lake ni jambo la kuita wazee na kuchinja mbuzi.

Nilimpigia fundi. Alicheka hadi akakohoa.

"Mama mkwe wangu mimi hukaa mbele na kunifundisha kuendesha," alisema. "Lete gari, nitaipinda."

Akaipinda gia kuelekea upande wangu, ikawa kama pembe ya beberu. Ilisaidia kidogo. Kuendesha mke wangu hakuweza, alijifunzia otomatiki na hakuwa na haraka ya kujifunza upya kwa ajili ya starehe zangu.

"Kliniki ni Alhamisi," alisema tu. "Mama akikataa kupanda, napigia Mnunuzi."

Alhamisi tulifika Kasikeu asubuhi. Kwenye boma lile kuna pikapu ya marehemu baba mkwe, imeinuliwa juu ya mawe, kuku wanataga ndani. Enzi zake alibebea machungwa sokoni, na mama alikaa kando yake safari zote. Tangu afariki hakuna aliyeruhusiwa kuigusa, wala kuiuza, wala kuichokonoa. Mama alitoka amevaa leso yake nzuri, akatusalimia kupitia mke wangu, akaingia mbele. Akatafuta mahali pa kuweka kiondo, akaiona ile pembe. Alikipakata kiondo mapajani, akageuza uso dirishani.

Tulikwenda vizuri kwenye tambarare. Niliingiza tatu mapema na nikaamua moyoni kwamba tatu itatufikisha. Halafu ukaja ule mlima mrefu. Gari likaanza kutetemeka. Nyuma yetu lori likapiga honi. Mkono wangu ulikuwa juu ya gia, na gia ya pili ilikuwa kule, karibu na ile leso, na mkono haukwenda.

"Shusha gia," mke wangu akasema kutoka nyuma.

Sikushusha. Usukani ulinitetemekea mikononi. Nilikuwa namwona Mnunuzi akilipeleka gari langu barabarani, amevaa miwani ya jua.

Ndipo mama akasogeza magoti yake yote mawili mpaka mlangoni. Akakiinua kiondo, akampitishia binti yake juu ya bega. Akatazama mbele, kwenye kioo, na kusema:

"Weka mbili."

Nikaweka mbili. Gari likavuta pumzi, likapanda.

"Baba yao pia alikuwa anaiumiza hivyo," akasema. "Anangoja mpaka ilie."

Sikujua kama naruhusiwa kujibu. Kwenye kioo cha ndani nilimwona mke wangu amekumbatia kiondo, macho yamejaa maji. Tulipofika juu mama aliisikiliza injini kidogo.

"Tatu sasa," akasema, na hakusema tena mpaka Wote.

Mke wangu alishuka kliniki akiwa na simu sikioni. Nilimsikia akisema, "Hapana, haiuzwi. Ni gari ya mama."

Wakati wa kurudi, kabla sijawasha, mama alikuwa tayari amesogeza magoti. Alinitajia gia mlima hadi mlima, kwa sauti ya mtu anayeita kuku, na zote zilikuwa sawa. Lakini tulipoteremka bomani mambo yalirudi palepale. Alisimama hatua chache kutoka nilipo, akamgeukia binti yake.

"Muulize baba watoto kama huyo fundi wa Kitui anaweza kuja kuangalia pikapu."

Mke wangu aliniangalia.

"Mwambie mama anaweza," nikasema.

Mama akafikiri kidogo, akiwatazama kuku waliokuwa wamekaa kwenye kiti cha dereva.

"Mwambie giaboksi asiguse," akasema. "Hiyo haina shida. Mwenyewe ndiye alikuwa hasikii nikimwambia."