Korseti Siku ya Ruracio

Kwa nini sukari yangu ya damu ilikuwa inapanda na ya Tata Wambui imetulia, ilhali shangazi yangu huyo ana makalio ya kujaza kochi na mimi nina miguu ya korongo? Daktari aliniambia shida ni mafuta ya tumboni, nami (msomi, mbishi wa kila kitu) nikamjibu kwamba kilo ni kilo. Lakini tumbo likaanza kunitia haya, na badala ya kulipunguza nikaamua kulificha, ndiyo maana mtaa wetu wote wa Skuta bado unanicheka.

Siku ya ruracio yangu, sherehe ya kuletewa mahari, nilijibana kwa korseti, lile vazi la kukaza kiuno, hadi kupumua kukawa kazi. Desturi mnaijua: anayeposwa anapangwa mstari mmoja na wasichana wenzake, wote wamefunikwa shuka toka utosini, na mchumba akichagua vibaya anatozwa faini. Viatu vya mchumba wangu Murimi vikasimama mbele yangu, halafu vikaendelea! Akamshika binamu yangu Njoki, mjamzito.

"Wacha hiyo, iko na mwenyewe!" Tata akapiga kelele, hema likalipuka kwa kicheko.

Nikavuta pumzi kwa hasira niseme niko hapa, na vifungo vya korseti vikaachia, pa pa pa, tumbo likachomoza chini ya shuka.

"Sasa huyo ndiye wangu!" Murimi akasema bila haya mbele ya wazee. "Nilikuwa natafuta hako katumbo. Ati ulikuwa umekaficha?"

Mama yake akapiga vigelegele. "Tumepewa ng'ombe na ndama!"

Nikamnyang'anya mshereheshaji kipaza sauti. "Si mimba, ni mafuta!" (Majirani wa ng'ambo ya barabara pia walisikia.)

Tata akanivuta kando, hacheki tena. "Mami, baba yako pia alikuwa anaficha tumbo yake na koti. Saa hii anajidunga sindano za sukari."

Wiki iliyofuata nilirudi kwa daktari kuuliza, si kubishana. Akanieleza kwamba mafuta ya makalio na mapaja mara nyingi hukaa kwa utulivu chini ya ngozi, lakini yale ya ndani ya tumbo hujibanza kwenye ini na kuvuruga sukari. Niliapa sitavaa korseti tena, nikaanza kupanda mlima kwa miguu kila asubuhi, na sukari ikashuka ingawa mzani haukusogea sana. Nilibishana hata na hilo, na ni baadaye sana nilipojua kwamba mtu akianza kutembea, mafuta ya ndani ndiyo mara nyingi hutangulia kuondoka.