Miezi Ishirini na Sita Ndani ya Nyumba ya Tegesha

Mke wangu alivunjika mfupa wa paja akiinuka kitandani.

Hakuanguka. Hakugongwa na kitu. Ilikuwa saa nne asubuhi, aliinuka kuchukua kikombe cha chai, tukasikia "ta!" kama mtu amevunja ukuni mkavu. Akarudi kukaa.

"Baba Robi," akaniambia kwa sauti ndogo, "mguu umeniacha."

Alikuwa na miaka thelathini na nne.

Naandika haya kwa simu yangu mwenyewe. Niliishia darasa la tano, kwa hiyo mwandiko msinisahihishe. Matusi nitayasoma yote, ila mtu atukane akiwa amemaliza kusoma.

Naitwa Nikodemo, mtu wa Kisaka, wilaya ya Serengeti. Nilikuwa na ng'ombe watano, mke anaitwa Bhoke, na watoto wawili. Maziwa kwetu hayakuwa kitu cha kuhesabu. Yalikuwepo tu.

Halafu dhahabu ikaniingia kichwani.

Nikaenda Nyakunguru kuchimba kwenye maduara, yale mashimo ya wachimbaji wadogo. Huko nikakutana na Matiko. Jamaa mcheshi, mdomo haupumziki, kila siku ana dili jipya.

"Mura," akaniambia, yaani kijana kwa lugha ya huku, "unahangaika na sururu ya nini? Mgodi mkubwa unataka kupanuka, utachukua eneo la kule Kerende. Mwenye nyumba pale analipwa fidia. Jenga, lala, subiri."

Hiyo ndiyo tegesha. Nyumba hujengi ukae. Unaitega kama mtego wa kanga, unasubiri fidia iingie.

Niliuza ng'ombe wote watano. Nikajenga vyumba viwili vya tofali na bati. Dirisha lilikuwa moja, nalo lilitazama ukuta wa Matiko. Kati ya ukuta wangu na wake mtu alipita kwa ubavu. Bati zetu zilipandana juu. Tulibanana hivyo mamia ya watu, kila mmoja anasubiri zake.

Sasa sikia tatizo. Watu walisema wathamini, wale wanaopima nyumba za kulipwa, wakikuta nyumba haina mtu, hawaihesabu. Na ukiiacha siku moja tu, unakuta kufuli ya mwanaume mwingine mlangoni.

Mimi nipo duarani. Nani akae?

Nikamleta Bhoke. Watoto tukawaacha kwa mama yangu Kisaka.

"Kwa muda gani?" akaniuliza.

"Miezi miwili tu, Mama Robi."

Nikampa masharti. Mchana asitoke. Yeye si mtu wa Kerende, akionekana nje ataulizwa yeye ni wa ukoo gani pale, akijikanyaga tumekwisha. Chooni aende alfajiri na giza likiingia. Maji nitaleta mimi. Chakula kilikuwa ugali na maharage, chai ya rangi, na mandazi mawili ya asubuhi.

Miezi miwili ikapita. Wathamini hawakuja. Kila wiki ilikuwa "wiki ijayo". Nikimwambia Bhoke turudi, nawaza ng'ombe wangu watano wamelala ndani ya zile kuta. Nikimwambia tukae, namwona anavyolitazama lile dirisha.

Mwaka ukaisha. Akaanza kuumwa mgongo. Halafu nyonga. Halafu mapaja yakawa yanauma usiku mpaka analia. Kutembea kwake kukabadilika, akawa anayumba huku na huku kama bata.

"Hayo ni maji ya huku," Matiko akasema ukutani kwake. "Au amerogwa. Wanaoitamani nyumba yako ni wengi, mura."

Sikumpeleka popote. Nani angekaa?

Siku moja mvua ilijaza maduara, nikawa nyumbani. Nikasikia Matiko anagonga ukuta.

"Nikodemo! Wamefika! Vaa shati!"

Nikachungulia. Kweli. Watu wawili wamevaa vizibao, mmoja ana kishikwambi mkononi. Yule wa mbele alikuwa dada mrefu, mpole. Nikamwambia Bhoke abaki chumba cha ndani, nikasimama mlangoni nikaujaza.

"Shikamoo baba. Naitwa Daktari Eugenia. Tunafanya utafiti wa lishe, vitamini D na afya ya tumbo."

"Marahaba," nikasema. Moyoni nikasema, dada, mimi si mtoto. Mthamini gani atajitaja?

"Mnaishi wangapi hapa?"

"Kumi."

Akatazama ndani. Akaandika kumi.

"Paa la nini?"

"Bati geji nzito."

"Sakafu?"

"Saruji. Nene."

Niambieni nyinyi. Mtu anakuuliza paa, sakafu, idadi ya watu, utafikiria nini? Utafikiria uji?

"Mnamiliki mifugo?"

"Ng'ombe kumi na wawili. Wako malishoni."

"Jana mama amekula nini?"

Nikawaza, tajiri halipwi sawa na maskini. Nikafungulia.

"Maziwa lita mbili. Mayai matatu. Sangara. Jioni maini."

"Kila siku?"

"Jumapili tunaongeza kuku."

Akaandika. "Na kwenye jua anakaa muda gani?"

Nikakumbuka mazao nayo yanalipwa. "Huyo anashinda shambani toka asubuhi mpaka jioni. Tuna ekari tatu za mahindi na migomba."

Wakaomba kumtoa Bhoke damu. Akatoka akiyumba, ameshika ukuta. Eugenia akamtazama miguu.

"Mama anatembea hivi tangu lini?"

"Uchovu wa shamba," nikajibu mimi.

Bhoke hakuelewa shamba gani. Akanyamaza. Kwetu mwanamke hamkatizi mumewe mbele ya wageni, na mimi nililitumia hilo.

Wiki tatu baadaye Eugenia akarudi peke yake. Akanivuta pembeni, uso umekunjamana.

"Baba, mke wako hana vitamini D. Ni kama hana kabisa. Kwa jua analopata na chakula mnachokula, hili jambo haliwezekani. Nafikiri utumbo wake haufyonzi. Chakula kinapita tu."

Pale ndipo nilipojua hakuwa mthamini.

Na pale pale ningesema. Ilikuwa neno moja tu, "nilidanganya". Lakini ningesema ningeulizwa, shamba liko wapi? Watu kumi wako wapi? Na hii nyumba ni ya nini? Nikamwuliza Matiko.

"Ofisi zote ni moja hizo," akasema. "Karatasi inatembea, mura. Kausha."

Nikakausha.

Basi daktari akafanya kazi kwa uongo wangu. Alimpa dawa za minyoo. Akaagiza Bhoke aache maziwa na ngano wiki sita, aone kama tumbo litatulia. Maziwa alikuwa hanywi. Ngano ilikuwa yale mandazi mawili. Nikayaondoa.

"Nimekosa nini mpaka mandazi?" Bhoke akaniuliza.

"Maagizo ya daktari."

Wiki sita zikaisha, hali ikawa mbaya zaidi. Eugenia akaandika rufaa. "Mpeleke hospitali mjini achunguzwe utumbo. Sindano za vitamini apewe huko huko, kwa sababu vidonge naogopa havitaingia mwilini. Usichelewe, baba. Nakuomba."

Wiki hiyo hiyo ikavuma kwamba wathamini wanakuja Jumatatu.

Nikaiweka rufaa chini ya godoro.

Jumatatu hawakuja. Jumatatu nyingine nayo hawakuja. Jumatatu ya tano ndiyo Bhoke aliinuka kuchukua kikombe.

Tulimbeba juu ya mlango. Niliung'oa mlango wa ile nyumba, kwa sababu hatukuwa na machela, na nikiwa nimeshika upande wangu bado nilikuwa nawaza nyumba inabaki wazi. Nawaambia ukweli ili mjue mtu anaweza kufika wapi.

Hospitali wakaufunga mguu uzito wa kuuvuta. Siku ya tatu Eugenia akaja na jalada lake. Kabla hajakaa simu yangu ikaita. Matiko.

"Wako hapa! Haki ya Mungu, safari hii ni wenyewe! Wana ramani! Nyumba yako haina mtu wala mlango, wahi!"

Nikasimama. "Daktari, nina dharura."

"Mimi pia," akasema. "Kesho mke wako anaenda Mwanza. Wataingiza mpira kooni mpaka tumboni, wakate kipande cha utumbo wapime. Nahitaji nihakikishe maelezo mbele ya mgonjwa. Dakika mbili."

Akafungua jalada, akasoma kwa sauti. Wodi nzima inasikia.

"Maziwa lita mbili kwa siku. Mayai matatu. Samaki. Maini. Kuku Jumapili. Anashinda shambani juani, ekari tatu, mahindi na migomba."

Bhoke alikuwa anatazama dari. Akageuza shingo polepole.

"Daktari," akasema, "huyo mwanamke unayemsoma humo ni mke wa nani? Nimpe hongera."

Mama wa kitanda cha pili akacheka. Alipoona sisi hatucheki, akaacha.

Eugenia akanitazama. Bhoke akanitazama. Simu inaita mkononi, jina la Matiko linawaka na kuzima. Nikiondoka, Bhoke anakatwa kipande cha utumbo usio na kosa. Nikibaki nikasema, nyumba imekwenda, na mimi nimekwenda nayo.

Nikaizima simu.

"Nilidanganya," nikasema. "Maziwa hajaonja tangu nimlete. Shamba halipo. Nilimfungia ndani."

"Muda gani?"

Bhoke akajibu, "Miezi ishirini na sita. Mimi nilikuwa nahesabu."

Eugenia hakunitukana. Ningependa angenitukana. Alikata mstari mrefu juu ya ukurasa wake, akaongea na Bhoke tu, mimi kama sipo.

"Mama, tumbo lako ni zima. Mwili unatengeneza hii vitamini ngozi ikipata jua. Ukiikosa, hata ule vizuri, utumbo hauchukui madini ya kutosha ya kujenga mfupa. Na wewe hata kula vizuri hukula. Mifupa yako imelainika. Hii tungeitibu mapema kabisa."

"Mapema lini?" Bhoke akauliza.

"Siku ile nilipokuja mlangoni."

Safari ya Mwanza ikafutwa. Akaanza sindano siku hiyo hiyo. Wakaagiza maziwa na dagaa, na kitanda kikasogezwa barazani asubuhi apate jua. Siku ya kwanza alifumba macho, akajifunika uso kwa kanga, akalia. Alisema jua linamchoma. Halafu akasema wasimrudishe ndani.

Kesho yake niliwasha simu. Nilijua Matiko ataniambia nimepoteza fidia kwa dakika mbili.

"Vipi, umelipwa?" nikamwuliza.

Alikaa kimya. Matiko, kimya!

"Mura, hawakuingia nyumba ya mtu yeyote. Hata kuchungulia. Walikuja na picha imepigwa kutoka angani, ina tarehe. Nyumba iliyopo kwenye picha inahesabiwa. Isiyopo, imepigwa mstari."

"Tarehe gani?"

Akaitaja. Ilikuwa wiki tano kabla sijaweka tofali la kwanza.

Pale penye nyumba yangu, kwenye picha, palikuwa na nyasi.

Kwa hiyo angekaa mtu ndani au asingekaa, wangekuwa kumi au mia, ilikuwa sawasawa. Nilimlinda mke wangu asionekane na watu ambao hawakuwa na haja ya kumwona.

Somo langu ni fupi. Mtu wa afya akikuuliza umekula nini, mwambie ulichokula. Ikiwa ni ugali na chumvi, sema ugali na chumvi. Aibu yake inaisha jioni. Na mkeo akiwa mgonjwa, mwache aulizwe yeye, ajibu yeye.

Imenigharimu hivi.

Ng'ombe watano. Nyumba moja ambayo haijawahi kuwa na thamani.

Bhoke, miezi ishirini na sita ndani, na mitano kitandani hospitali. Mfupa mmoja wa paja. Mguu wa kushoto umefupika kwa upana wa vidole viwili, ule hautarudi.

Mtoto wetu mdogo tulimwacha ana mwaka na nusu. Bhoke alipofika Kisaka na magongo, mtoto alimkimbia akajificha nyuma ya mama yangu, akamwita huyo bibi yake "mama".

Bhoke yuko kwa kaka yake sasa. Nimekwenda mara nne. Mara zote nne tumeongea nje.