Shikamoo ya Mtambo

Kwa muda mrefu nilikana kwamba napenda kupiga simu. Nilidai ni kazi isiyohitaji shahada, na mimi ninayo. Ukweli ni kwamba katika mradi wetu wote, niliipenda zaidi sehemu ile niliyoilalamikia kila siku.

Mradi wenyewe ni rahisi kueleza. Watu wanaojitolea hutuazima kompyuta zao wakati hazina kazi. Seva yetu, iliyo kwenye chumba nyuma ya ghala la pamba mjini Shinyanga, huzigawia vipande vya hesabu, kisha hukusanya majibu. Safari hii hesabu ilikuwa ya ramani ya mvua, na wakulima wa pamba waliihitaji kabla ya kupanda. Kompyuta ikinyamaza, nilimpigia mwenyewe: salamu, habari za watoto, za ng'ombe, za misiba, na mwisho kabisa, kama jambo dogo lililonijia ghafla, "Hivi kompyuta yako imewaka?"

"Dada, utazeekea kwenye simu," alisema mwenzangu wa ofisini. "Acha mtambo ujiendeshe."

Nikaandika programu. Kila aliyenyamaza alitumiwa meseji: *Shikamoo. Bado uko nasi? Jibu NDIYO au HAPANA.* Programu haikujua umri wa mtu, nami niliona heshima haimuumizi yeyote. Jibu lolote lisilokuwa NDIYO lilihesabiwa hapana, na kompyuta ikaondolewa. Nilijipongeza kwa soda.

Wengi waliandika "Marahaba," wakatulia, kama mtu anayengoja mgeni aketi kwanza. Mzee mmoja wa Didia aliandika, akiulizia hali kwa Kisukuma, "Marahaba mwanangu, mhola?" Kijana wa Geita anayeuza vifaa vya wachimbaji alijibu, "Shangazi, shikamoo ya nini, unanizeesha!" Programu iliwaondoa wote kwa unyenyekevu uleule.

"Umewaamkia, halafu ukawafukuza," alisema mwenzangu.

"Ni mtandao," nilijibu.

Nikaifundisha programu kuikubali marahaba. Sasa ikawapa hesabu hata wenye kompyuta mbovu, maana nao waliitika vizuri, na hesabu hizo hazikurudi. Ramani ikasimama. Mawingu hayakusimama.

Ndipo akanipigia mama mmoja wa Nkome, mfanyabiashara wa dagaa mwenye duka la steshenari. Alikuwa na kompyuta nyingi kuliko yeyote; bila hizo ramani isingekamilika. Programu ilikuwa imemwondoa mapema kabisa.

"Umeniamkia, nimeitika," alisema. "Nikangoja useme shida yako. Kimya! Mara naona nimetolewa. Nani kakufunza adabu hiyo?"

"Mama, swali lilikuwa hapohapo, chini ya salamu."

"Nililiona. Nani anauliza swali mwenzie hajamaliza kuitika? Nikasema huyu si mtu, hili ni dude."

"Ni programu, mama. Niliiandika mimi."

"Mimi namtaka yule aliyekuwa akiniuliza kama dagaa wamekauka. Yupo?"

Mwenzangu alijifanya anasoma skrini.

"Yupo."

"Basi anza upya."

"Shikamoo, mama."

"Marahaba. Dagaa wamelowa, mvua imewahi huku ziwani. Haya, uliza."

"Hivi kompyuta zako zimewaka?"

"Naziwasha sasa hivi. Ila uwe unapiga mwenyewe. Lile dude lako lisiniamkie tena."