Riyali Ishirini za Tadwiri

Selipher alikuwa mtu wa kuuliza bei mara tatu, na ile Ijumaa ya mwaka 2016 aliuliza mara nne. Simu aliyoichagua iliandikwa riyali mia tatu. Risiti ikatoka na mia tatu na ishirini. Akasimama pale kaunta, kwenye duka moja la Bani Malik, Jeddah, akaikodolea macho ile karatasi.

"Hii ishirini ni ya nini? Wananiibia mchana kweupe hivi?" akamuuliza Elkanah.

Elkanah, Mkisii, alikuwa dereva wa nyumba ile ile ya mtaa wa Aziziya ambako Selipher alifanya kazi za ndani. Alikuwa na miaka sita Saudia na Kiarabu cha kujisifia. Akamuuliza muuzaji. Muuzaji akagusa neno kwenye risiti kwa kalamu, akasema "tadwir", akachora mviringo hewani kwa kidole, halafu akaionyesha simu kuukuu ya Selipher iliyopasuka kioo. "Tadwir! Jadid, jadid!"

"Mama Valary, tulia," Elkanah akasema, kifua mbele. "Tadwiri ni kuzungusha. Jadid ni mpya. Ukinunua simu hapa, unalipia ile ya zamani izungushwe, irudi mpya. Hiyo ni pesa ya fundi! Kioo kipya kwa riyali ishirini, utapata wapi?"

Tafadhali usimcheke Selipher. Kwetu simu haitupwi. Ikipasuka kioo inaenda kwa fundi, na ikimshinda fundi huyo kuna mwingine mtaa wa pili, na wote wakishindwa anapewa mtoto achezee. Nani kati yetu angewaza kwamba kuna duka linakutoza ada, siku hiyo hiyo unayonunua kifaa kipya, ili kile cha zamani kikasagwe na madini yake yayeyushwe? Duka lile ndivyo lilivyojiamulia. Maneno yote ya Elkanah yalikuwa sawa, moja moja. Maana ndiyo ilikuwa kando.

Tena simu mpya haikuwa ya Selipher mwenyewe. Ilikuwa ya Peris, mwanamke waliyeishi naye ploti moja Kakamega, ambaye Selipher alimwachia mtoto wake, Valary, akiwa na miaka miwili. Peris alikuwa na kabambe tu, simu ya kuongea basi, na Selipher alikuwa hajauona uso wa mtoto kwa miaka miwili mizima. Sauti tu, kila Ijumaa. Sasa Rosebellah, Mkenya wa nyumba ya jirani, alikuwa anarudi nyumbani Jumanne na angeibeba. Peris alikuwa amehamia Migori juzi juzi, amemfuata mumewe, kwa hivyo Rosebellah angempigia akifika, waelewane pa kukutana. Namba ya Peris ilikuwa ndani ya ile simu iliyopasuka. Haikuandikwa mahali pengine popote, na kichwani Selipher hakuwa nayo.

"Nitoe laini?" akauliza.

"Iache. Fundi atataka kujaribu kama inashika."

Muuzaji akaipokea kwa mikono miwili, kwa heshima kabisa. Akaiweka chini ya chuma fulani kilichofungwa mezani, Selipher akadhani ndivyo wanavyofungua simu huku. Mkono wa chuma ukashuka. Kraa!

"Halas," muuzaji akasema, yaani imekwisha, akitabasamu.

Selipher alipiga ukemi, duka zima likageuka. "Woi! Woi, Yesu wangu! Ameiua! Elkanah, ameiua simu yangu! Namba ya mtoto iko humo!" Akaupitisha mkono juu ya kaunta, akazoa vipande. Laini ilikuwa imekatika katikati. Maskini muuzaji, alikuwa amefanya kile hasa alicholipwa. Elkanah naye alirudi nyuma hatua moja, halafu nyingine.

Jumanne Rosebellah akapanda ndege mikono mitupu. Hezron, kaka yake Selipher, aliyepelekewa habari na Rosebellah, akaenda kuuliza kwenye ile ploti ya Kakamega. Migori walijua. Migori wapi, hakuna aliyejua. Ikabaki kuirudisha laini yenyewe, namba zilizopigwa zionekane, nayo ilisajiliwa kwa jina la kafili, yaani mdhamini wake, baba mwenye nyumba, aliyefanya kazi Riyadh na kurudi Jeddah kwa nadra. Bila alama ya kidole chake hairudishwi.

"Inshallah akija," madam, mke wake, akasema.

Inshallah hiyo ilichukua miezi minne. Na mimi sitamsema madam kwa ubaya. Hakuwa mtu mbaya, alikuwa tu hajawahi kupotelewa na mtu kwa sababu ya namba. Lakini miezi minne, jamani! Kila Ijumaa Selipher alikaa kitandani na ile simu mpya ndani ya boksi lake, akihesabu: leo Peris ameona simsemeshi, leo amedhani nimekufa, leo amekasirika. Alikonda hadi pete ikawa inamtoka kidoleni.

Elkanah alikuwa hawezi kumtazama usoni. Siku alipotumwa Riyadh kumpelekea baba mwenye nyumba mizigo, alisimama mlangoni pa ofisi kule Olaya akakataa kuondoka mpaka asikizwe. Baba alisikiza, akashtuka. "Miezi minne? Mbona hakuna aliyeniambia?" Wakaenda pamoja kwenye duka la kampuni ya simu. Baba akaweka kidole, dakika tano, basi. Wakachapiwa na orodha ya simu zilizopigwa. Namba ya Kenya ilikuwa moja tu, Ijumaa baada ya Ijumaa. Elkanah akaipiga picha, akaituma kwa ile simu mpya, ambayo madam alikuwa ameitilia laini ya kuazima.

Selipher alikuwa anapiga pasi. Aliiacha kanzu ya watu mezani, akabonyeza tarakimu moja moja, akizisoma kwa sauti asije akakosea.

"Halo?"

Akakaa chini sakafuni. "Valary? Ni wewe?"

"Eeh."

"Wacha! Umekuwa mkubwa hivi! Unashika simu mwenyewe!" Alikuwa anacheka na kulia pamoja. "Uko sawa? Umekula?"

"Eeh, nimekula."

Kwa mbali kuku walisikika, na mtu akifagia.

"Aunty," mtoto akasema, kwa adabu, kama alivyofunzwa kusema na wageni, "mum ameenda kusaga unga. Nimwambie nani amepiga?"

Selipher alitaka kusema ni mama yake, akaliacha neno.

"Mwambie ni Selipher," akasema.