Taa ya Kabati la Mapokezi

Mume wangu hajui kupika, hajui kuimba, na ukimpa mtoto mchanga amshike utadhani umempa bomu. Lakini nyaya anazijua. Kwa miaka ishirini na miwili ndiye aliyepitisha kila waya wa kompyuta katika hospitali yetu, juu ya dari na chini ya sakafu, na kila alipomaliza alibandika kipande cha plasta ya vidonda kwenye ncha, akaandika tarehe na kuchora kindoana kidogo. Hicho kindoana ndicho saini yake. Ukikiona, hupimi tena. Ndivyo tulivyozoea sote pale, kuanzia mkurugenzi hadi wafagizi, nao wanamwita Mzee Waya.

Mimi nakaa mapokezi, jengo la picha. Wagonjwa wanapigwa picha za ndani ya mwili kwenye chumba kilicho nyuma yangu, picha zinaingia kwenye seva yetu, kompyuta ya kuhifadhia, halafu zinasafiri kwa waya hadi seva ya jengo kuu, ambako daktari anazifungua na kuamua la kufanya. Waya huo unapitia kabati dogo la chuma chini ya meza yangu. Ndani mna swichi, kisanduku cha kuunganishia nyaya, chenye taa ndogo pembeni ya kila tundu. Kazi yangu si kukielewa. Kazi yangu ni kuandika majina na kutukanwa.

Mwaka juzi, asubuhi moja, mume wangu alitoka chumbani amevaa soksi ya bluu mguu mmoja na ya kahawia mguu wa pili. Nikacheka. "Baba Watoto, leo unakwenda kazini au kwenye mazingaombwe?" Hakucheka. Aliitazama miguu yake muda mrefu mno, kisha akasema soksi zote ni sawa. Nikaacha mzaha. Kuanzia siku hiyo nikawa namfungia soksi mbili mbili kabla hajaamka, na sikusema neno. Naye alijua kwamba najua. Tulijitia hamnazo wote wawili na maisha yakaendelea. Nilimwonea huruma, sitaficha. Mtu yule umnyang'anye nyaya zake, abaki na nini?

Mwezi uliopita panya walitafuna waya wa kabati langu. Akaja, akapiga magoti chini ya meza, akakata ncha mbovu, akazipanga zile nyaya nane nyembamba za ndani kwa rangi zake huku akizitaja kwa sauti, akabana kichwa kipya kwa koleo, akabandika plasta yake. Tangu siku hiyo picha iliyokuwa inafika jengo kuu kwa dakika nne ikawa inachukua arobaini.

Hakuna aliyemfikiria yeye. Wiki hiyohiyo Injinia, binti aliyeajiriwa kwa mkataba kuangalia seva, alikuwa amefunga seva mpya jengo kuu. Basi lawama ikampata.

Alihangaika yule binti. Alituma faili kubwa baina ya seva za jengo kuu, likaruka. Akafanya vilevile upande wetu, likaruka. Akilituma kutoka jengo hadi jengo, linatambaa. Alibadilisha kadi za mtandao, akazima na kuwasha, akafuta programu na kuziweka upya. Mwisho akamleta mume wangu mezani kwangu, akamuuliza habari za waya, kwa adabu zote.

Mume wangu akainama kwenye kabati. "Taa ni ya kijani, mwanangu. Ikiwa ya kijani waya unapitisha kasi yote. Ingekuwa ya machungwa, hapo ungenilaumu."

"Samahani, Mzee. Nilikuwa nahakikisha tu."

Injinia alikuwa amesimama upande wa wagonjwa, hakuinama kutazama. Nani apime kazi ya Mzee Waya? Lakini mimi nilikuwa nimekaa palepale, na taa niliiona. Ilikuwa ya machungwa. Nikamwita mgonjwa anayefuata.

Siku nne baadaye akaletwa mjenzi aliyeanguka kutoka juu ya jengo, akaumia kichwa. Alipigwa picha haraka, kisha tukangoja picha zifike kwa daktari. Mkewe alisimama mbele yangu dakika arobaini nzima, ameshika kiatu kimoja cha mumewe. Hakunitukana. Afadhali angenitukana. Yule mjenzi alipasuliwa, akapona, ila nguvu za mkono wa kulia hazikurudi. Daktari alisema hakuna anayejua kama zile dakika zingebadilisha kitu. Mimi pia sijui, na hilo litanikera hadi naingia kaburini.

Mkurugenzi akaja juu. Injinia akapewa hadi Ijumaa: arekebishe au mkataba uvunjwe. Alhamisi mchana nikamkuta amekaa kwenye benchi la wagonjwa, machozi yanamtoka bila sauti.

"Mama, sijui tena nimekosea wapi."

Nikapiga moyo konde. "Mwanangu, zunguka huku. Inama. Hiyo taa ina rangi gani?"

Aliinama, akaniangalia. Hakuniuliza nilijua tangu lini. Nikamtuma mfagizi amwite mume wangu.

Alipofika nilimwonyesha kabati. Alipiga magoti, taratibu kuliko zamani.

"Ni ya kijani," alisema.

"Ni ya machungwa, Mzee," Injinia akasema, kwa sauti ya chini kabisa.

Akageuka kwangu. Miaka yote ya ndoa yetu sijawahi kuangaliwa vile. "Mama Watoto?"

"Ni ya machungwa, baba."

Hakubisha. Alichomoa waya, akampa Injinia ncha yenye kindoana. "Nisomee rangi, moja moja." Binti akasoma. Za bluu zilikuwa zimekaa mahali pa kahawia, na za kahawia mahali pa bluu. Nyaya nne tu kati ya nane ndizo zilizokuwa zikibeba picha zote za hospitali. Mume wangu akakata ile ncha, akatengeneza nyingine kwa vidole vyake, na Injinia akimtajia rangi. Taa ikawa ya kijani. Picha ya mgonjwa aliyekuwa kwenye foleni ikafika kwa dakika nne.

Injinia alitaka waseme ni panya. Mume wangu akakataa. Akaiweka ile ncha mbovu mfukoni pamoja na plasta yake, akaenda mwenyewe kwa mkurugenzi, na alipotoka hakuwa na funguo za makabati. Mkataba wa binti ukabaki.

Jumatatu nilimpeleka kliniki ya macho, ng'ambo ya uwanja wa hospitali, hatua mia mbili kutoka mezani kwangu. Daktari alimpima kwa muda mrefu. Akasema ni presha ya macho, ndiyo iliyomchanganyia rangi; dawa itazuia isizidi, ila kilichopotea kimepotea.

"Tatizo ni kuchelewa," alisema. "Mngekuja mwaka juzi tungeliwahi."

Nilifungua mdomo niseme ukweli.

"Mwaka juzi hatukujua, daktari," mume wangu akajibu. Alikuwa amekaa ameinamisha kichwa, na soksi zake zote mbili zilikuwa za bluu.