Dirisha la Kuinamia

Katika kila stesheni aliyoifufua, Chokaa aliacha paa lisilovuja na angalau mtu mmoja asiyeitikia salamu yake. Jambo hilo halikumnyima usingizi. "Jengo halina haja ya kunipenda," aliwaambia wanafunzi waliokuja kumsikiliza. "Wenye jengo ndio kabisa."

Jina hilo alipewa na mafundi kwa kumsengenya, kisha likamkaa. Yeye ni msanifu majengo, na kazi yake ni stesheni kongwe za reli: huzipima, huzichora upya, huzibandua mabati na mbao zilizopachikwa na kila uongozi uliopita, halafu huzirudisha kazini. Kinachomponza ni chokaa. Kuta za zamani zilijengwa kwa chokaa, husema, nazo hupumua. Ukizipiga lipu ya saruji umeziziba mdomo na pua. Katika stesheni yake ya kwanza mkandarasi alingoja asafiri, akaupiga saruji ukuta wote wa mbele. Chokaa aliporudi hakugomba. Aligonga ukuta kwa kifundo cha kidole, akasikiliza, akaagiza lipu yote ibanduliwe kwa gharama ya aliyeipiga. Mkandarasi yule akimwona huvuka barabara.

Katika stesheni ya pili aliachana na mshirika wake wa ofisi, aliyetaka jumba la kupokelea mizigo livunjwe liwe maduka. Chokaa alikataa mpaka mteja akawachoka wote wawili.

"Unaringia kuhifadhi," mshirika alimwambia akikusanya vitu vyake. "Hata mochwari wanahifadhi."

Chokaa husema maneno hayo hayakumchoma. Huyasema hayo mara nyingi mno.

Ya tatu ilikuwa stesheni ya nyumbani. Baba yake alifanya kazi hapo, katika genge la vibarua wa reli, mpaka mgongo ukamshinda. Kaka yake mkubwa sasa ndiye stesheni masta. Hawa wawili hawajawahi kuiva chungu kimoja, na wazazi walipofariki hakubaki mtu wa kuwapoza.

Safari hii waligombania dirisha. Chumba cha kungojea cha daraja la tatu kina dirisha dogo la tiketi lililokaa chini, usawa wa kiuno, hivi kwamba mnunuzi lazima ainame ndipo karani amwone uso. La daraja la kwanza, upande wa pili wa ofisi ileile, liko usawa wa kifua. Chokaa alijijengea jina kwa dirisha lile. Aliliandikia makala, akalionyesha kwa picha katika kumbi za vyuo: hivi ndivyo wajenzi wa reli walivyowainamisha watu kwa matofali, bila kutamka neno. Sasa alipopewa stesheni yenyewe, alitaka dirisha libaki lilivyo, liwekewe kioo, na watu wapite walitazame. Kaka alitaka livunjwe.

"Mchoro wako nimeuona, mheshimiwa," kaka alimwambia, amesimama mlangoni mwa ofisi asimkaribishe hata kiti. "Umelizungushia duara jekundu kama mtu aliyeokota dhahabu."

"Ni ushahidi, kaka. Ukilivunja, nani atajua walichotufanyia?"

"Mimi najua. Mgongo wa baba ulijua. Wewe ndiye unayehitaji picha."

"Nami nilikuwa nyuma yake kwenye foleni."

"Ulikuwepo, ndiyo. Ukitazama dirisha."

Kila mmoja akapeleka shauri lake kwa wakuu wa reli. Wakuu, ambao hawakutaka kuingilia ya ndugu, walijibu kwamba ukuta ukaguliwe kwanza. Dirisha litaamuliwa baadaye. Kaka na dada wakaendelea kupishana ukumbini kama paka na chui, kila mmoja akiamini yeye ndiye chui.

Ukuta wenyewe ulikuwa mgonjwa. Ulikuwa umelowa kutoka chini hadi kwenye dirisha, umetoka chumvi nyeupe, na matofali yakimeguka kama mkate mkavu. Chokaa alijua ugonjwa wa namna ile hauanzii ukutani. Alimwita nyapara wa mafundi, akamwonyesha mstari kandokando ya ukuta, akamwambia afumue sakafu.

Sakafu hiyo ilikuwa kazi ya baba. Zamani, mvua kubwa zilipokuwa zikiingiza maji chumbani, genge lake lilipewa saruji, na yeye ndiye aliyeisawazisha kwa mwiko, amepiga magoti. Hakuwa na kingine cha kujivunia hapo stesheni. "Mawaziri wamepita juu ya mkono wangu," alikuwa akisema nyumbani, na mama akimjibu kwamba mawaziri hawapiti daraja la tatu.

Kaka alifika mtaimbo ukiwa umeshagonga mara kadhaa.

"Nani kakuruhusu kugusa sakafu?"

"Ukuta unaoza."

"Basi tibu ukuta."

"Humkaushi mtu aliyesimama majini, kaka. Saruji imezuia unyevu usitoke chini, sasa unapanda ukutani."

"Saruji, saruji. Hujawahi kuwa na adui mwingine?"

Nyapara hakungoja wamalize. Chini ya saruji ilitoka saruji nyingine, chini yake kifusi kilichoshindiliwa, na chini kabisa vigae vyekundu, vizima, vimepangwa kwa utulivu wa watu waliokuwa na muda. Akaingia shimoni kuvifuta. Aliposimama wima, dirisha lilikuwa usawa wa kifua chake.

Nyapara ni mtu wa mzaha. Akagonga ubao wa dirisha. "Karani, nikatie moja ya kwenda. Kurudi nitajua mwenyewe."

Chokaa alishuka na futi yake, akapima kutoka kwenye kigae mpaka kizingiti cha dirisha. Kisha akazunguka upande wa daraja la kwanza, ambao umenyanyuliwa na baraza yenye ngazi na haukuwahi kuingiwa na maji wala kumwagiwa saruji. Akapima huko. Vipimo vililingana. Wajenzi wa reli huenda walikuwa na maovu mengi, lakini madirisha yao mawili waliyaweka usawa mmoja. Miaka yote alikuwa amelipima dirisha kwenda juu, kushoto na kulia. Mtu aliyewahi kumrudishia fundi mlango kwa kosa la unene wa ukucha hakuwahi kuuliza sakafu imetoka wapi, ingawa jibu alilisikia mezani kwao tangu utoto.

Kaka alikuwa ukingoni mwa shimo, kofia ya kazi kichwani.

"Kwa hiyo unasemaje?"

"Sijasema kitu."

"Unasema baba alijiinamisha mwenyewe."

"Nasema sakafu ilipandishwa, dirisha likabaki."

"Na makala zako?"

"Zina kosa." Alitamka kama anavyotamka kwamba ukuta umepinda.

Kaka alitazama vigae. "Umekula kwa mgongo wa baba kila chuo ulikoitwa," alisema, "na sasa unataka kumpa yeye lawama. Sawa. Dirisha libaki. Liwekee kioo, lipake dhahabu, nimekubali, nitawaambia wakuu. Sakafu usiguse."

"Sakafu ikibaki, ukuta utaanguka."

"Uanguke."

"Na dirisha lako ulilonipa litaanguka nao."

"Dada," kaka alisema taratibu, na hilo lilikuwa neno lake la kwanza la undugu tangu Chokaa aje, "nakuomba."

Chokaa alimgeukia nyapara. "Yote," alisema.

Nyapara alimvuta pembeni, akapendekeza wabakishe kipande kimoja penye kona, cha kumbukumbu ya mzee. Alijibiwa kwamba kipande hicho ndicho kitakacholowesha kona. Mapande ya saruji yalitolewa yakiwa na alama za mwiko, nusu duara juu ya nusu duara kama magamba ya samaki. Chokaa aliyaangalia yakipakiwa lorini na hakuchukua hata moja. Jioni aliviandikia vyuo kwamba picha za dirisha zisionyeshwe tena, na akaeleza kwa nini. Mshirika wake wa zamani alihakikisha habari hiyo inamfikia kila aliyekuwa bado hajaisikia.

Ukuta ulikauka, ukapigwa chokaa. Wakuu hawakuwa na la kuamua tena: dirisha lilirudishwa kazini kama dirisha lolote. Siku lilipofunguliwa, foleni ilikuwa imeshajipanga kaka alipoingia kwa mlango wa abiria, amevaa sare kamili. Alimpita dada yake kama mtu anayepita nguzo. Watu wakampisha mkubwa wa stesheni. Alifika mbele ya dirisha lililokuwa usawa wa kifua chake, akashika magoti, akainama kidogo kidogo, kwa maumivu, kama baba yao, mpaka uso wake ukaelekea ukuta mtupu.

"Karani," alisema, "moja."

Karani alichungulia kushoto na kulia. "Stesheni masta? Uko wapi, mzee?"

"Palepale," kaka alijibu kutoka chini.

Aliponyanyuka, ukingo wa kofia yake ulikuwa na chokaa, na ukutani palibaki mkwaruzo. Aliondoka bila tiketi. Aliyefuata, mama mwenye mizigo miwili, alisogea, akaweka kiwiko kizingitini na kuuliza kama treni imechelewa.

Nyapara alimwendea Chokaa. "Ule mkwaruzo nipake tena?"

"Paka," alisema, akaenda kupima upande wa pili.